Saini Niliyoiona Mbau

Quionga,
Ijumaa, 14 Februari 2025

Mpendwa shemeji yangu Fauzi,

Asalam aleikum. Habari za Mtwara, na za mkeo Zainabo? Mguu wake umepona, au bado anachechemea na kumsingizia daktari? Sisi huku wazima. Minazi imezaa, mihogo imeliwa na nguruwe, nami nimekonda, usije ukanitania.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Mussagy, yule anayevuka mpaka wa Namoto na samaki. Umekubali kuwa walii wa mwanangu Cadija mfungo mosi, kwa kuwa baba yake hayupo na wewe ndiye baba mdogo. Ahsante. Ila kuna jambo, nami nitalisema polepole, maana nikilisema haraka nitatukana.

Unanijua mie, siozi mtoto kwa kufumba macho. Huyu mchumba, Jamaldine, ni mtu wa Mbau, na ukoo wake ulitawanywa na vita. Hakuna mzee wa kumuulizia, na siku hizi kila ajaye ana hadithi yake safi. Nikaona niende kwenye maandishi. Wiki iliyopita nikapanda chapa, magari haya ya abiria, mpaka Mbau.

Ofisini pale kuna daftari la familia zilizorudi, kila mkuu wa nyumba na saini yake. Karani anaitwa Adérito, mtu mzima kutoka kusini. Kiswahili anakivunjavunja lakini anasikiliza. Tukamtafuta Jamaldine, tukamkuta: yeye, mama yake na dada zake wawili, mke hana. Nilitafuta dosari nikakosa. Nakiri nilivunjika moyo kidogo, nilikuwa nimejiandaa kugomba.

Adérito, kwa wema wake tu, akasema kuna mtu mwingine wa kwetu. Akafunua ukurasa: Fauzi Rajabo, mzaliwa wa Quionga, mke mmoja, mtoto mmoja, Agosti 2022. Nikacheka. Nikamwambia huyo shemeji yangu, alifika lini Mbau bila kutuambia? Hao mke na mtoto sikuwajali. Wakati ule watu waliogopa kuandikwa peke yao, wakihofia kukosa chakula, basi wakiungana tu foleni: wewe mke, wewe mtoto, na hata hawajuani.

Kisha nikaiona saini.

Wewe ulisoma escola, shule ya serikali, unasaini kwa herufi za Kireno. Ile ilikuwa ya Kiarabu. Kwa Adérito ni mikwaruzo tu, lakini mie nilisoma chuoni, kwa Kurani. Imeandikwa Ossufo bin Rajabo, na ile herufi fe ya Ossufo kaivuta mpaka nje ya mstari, vilevile alivyokuwa akiniandikia tulipokuwa wachumba. Kinywa kilitaja jina lako, mkono ukaandika la kwake. Saini yenyewe alifundishwa moja tu maishani.

Fauzi, mwaka 2021 Palma ilipovamiwa, ni wewe uliyekuja kuniambia mume wangu amefia njiani, na kwamba umemzika kwa mikono yako. Nikakaa eda miezi minne na siku kumi. Nilipoomba nionyeshwe kaburi, ukasema njia haipitiki. Njia ilipofunguka, ukasema umepasahau. Mtu husahau alipomzika nduguye?

Tena huyo mtu aliandikishwa kwa kadi ya eleitor, ile ya kupigia kura, yenye jina lako. Kadi yako niliifunga mwenyewe kwenye mzigo wako ulipohamia Mtwara, kabla ya Agosti hiyo; nani alimpa? Na pembeni ya ukurasa karani ameandika kuwa mwaka uliofuata mtu huyo alihamia Mtwara, kwa ndugu yake. Hapo Adérito akanivutia kiti.

Cadija sijamwambia. Anashona nguo ya harusi na anaimba. Nilikwenda kwa mwalimu wa msikiti, nikamuuliza kwa kuzunguka: baba akiwa hai, nduguye anaweza kuoza? Akasema, "Baba akiwa hai na anafikika, ni yeye. Usinitie katika dhambi, Nazira." Na mwanangu sitamtia katika ndoa yenye shaka kwa ajili ya kuficha aibu ya watu wazima.

Pengine una maelezo. Mungu anajua nayataka, hata usiku nakutungia mimi mwenyewe. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na mie nimeumia, Fauzi. Nimeumia sana.

Njoo kabla ya Ramadhani. Kama Ossufo amekufa, njoo peke yako, twende wote mpaka kaburini, tupatafute hata kwa kupapasa. Kama yu hai, mje wawili, na siku ya ndoa yeye akae mahali pake.

Nisalimie Zainabo, na watoto, na mjomba Ussumane wa Chikongola. Cadija anambusu mkono baba yake mdogo. Mwenyezi Mungu awahifadhi nyote, na aulainishe ulimi wako kwa kweli.

Wako akupendaye bado,

Nazira,
mke wa Ossufo, au mjane wake. Hilo utanijulisha wewe.