Mchoraji wa Mpaka

2 Februari

Mwanangu mpendwa,

Habari za mjini, na kile kifua kimepoa? Sisi wazima, ila mama yako goti linamsumbua, na baridi ya huku milimani haina likizo.

Hapa ofisini kwa mbunge kila anayeingia ananiuliza kama ni kweli jimbo letu litafutwa, tuunganishwe na watu wa bondeni. Nawajibu, "Binti yangu anachora ramani huko Tume ya Mipaka. Kungekuwa na jambo, angeniambia."

Basi niambie. Daraja letu la mtoni nguzo zimeshasimama, imebaki sakafu tu.

Baba yako

20 Februari

Shikamoo baba,

Kifua kimepona. Mama avae zile soksi nzito nilizomtumia.

Kuhusu jimbo, hakuna lililoamuliwa. Watulize watu.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Sisi tupo.

Ramani mpya imeletwa, na karani wa kuibandika ukutani ni mimi. Jimbo letu halimo. Chini pembeni kuna jina lako, na tarehe uliyomaliza kuchora: 14 Januari. Nilisoma mara mbili. Mwalimu mkuu wa shule yetu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema polepole, "Kumbe mzee ulijua."

Nikabandika pembe ya mwisho.

Baba yako

30 Juni

Shikamoo baba,

Najua umeumia. Niliapishwa kutunza siri. Na watu wa huko hawakutosha kuwa jimbo, baba. Vijana tumehama, nikiwemo mimi. Ningekataa, angechora mwingine asiyejua hata mto wetu unapita wapi.

Agosti nakuja likizo, tukae tuzungumze.

Mwanao

23 Julai

Mwanangu,

Mama yako anakusalimu. Goti bado.

Ofisi imefungwa, mhuri nimekabidhi. Mafundi wa daraja wamefungasha vifaa vyao. Mbunge wa bondeni anasema ule ulikuwa mradi wa jimbo lisilokuwepo tena. Wiki iliyopita mto ulijaa, ukamchukua mke wa mwalimu mkuu akivuka kutoka zahanati. Tulimzika Jumamosi. Naandika tulimzika, lakini mimi nilifika makaburini na chepe langu, mwalimu mkuu akanishika mkono, akaniomba kwa upole nirudi nyumbani. Nikarudi, watu wote wakinitazama.

Wewe unaujua mto unapita wapi.

Agosti usipande huku. Mama yako ana hamu na wewe. Nitamsindikiza hadi stendi, umpokee huko huko mjini. Mimi nitaishia stendi.

Baba yako