Rangi Inavuja kwa Editha

Jumamosi, Nyabiyonza. Mvua imenyesha tangu alfajiri, kahawa tuliyoanika jana imebidi tuirudishe ndani, na mimi nina hasira mpaka chai imenishinda.

Editha kaniibia. Naandika hivyo hivyo, maana nimechoka kutafuta neno la adabu.

Kwa msiomjua, Editha ni mwenzangu wa maabara chuoni, binti wa kutoka Kituntu, na kwa miaka miwili tumekula sahani moja. Tunatengeneza vifuko vidogo mno vya mafuta, vyenye ukuta kama ule wa seli, na ndani yake tunatia rangi. Katika ukuta huo nilipachika molekuli ambayo ikipigwa na mwanga wa bluu inajikunja. Ikijikunja, ukuta unalegea na rangi inatoka. Huenda siku moja dawa ikabebwa hivyo mwilini, ikafunguliwa kwa taa pale tu panapouma. Kazi hiyo ni yangu. Editha alikuwa ananisaidia kupima.

Mwezi uliopita nilikuja nyumbani kumuuguza mama. Nikamwachia daftari langu na ufunguo wa kabati. Leo asubuhi, tukimenya ndizi na shangazi Koku, nikafungua kwenye simu video ya mkutano wa watafiti. Editha huyo, kasimama mbele za watu, anasema "ugunduzi wangu". Jina langu halimo hata kwenye shukrani.

Hilo pengine ningelimeza. Lakini alitumia na mfano wangu. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba mafuta kwenye ule ukuta yamebanana kama waumini kwenye benchi siku ya kipaimara, na molekuli yetu ni shangazi yangu: akikunja tu magoti kusali, benchi zima linasogea na watoto wa pembeni wanadondoka. Yeye akasema, "Shangazi yangu." Ukumbi ukacheka.

Shangazi Koku akaweka kisu chini, akaniuliza, "Kumbe na yeye ana shangazi mnene?"

Nikalia palepale, mikono imejaa utomvu.

Saa tisa ukaja ujumbe wake. Hakuna pole ya mama, hakuna samahani. "Dada, mbona kwangu rangi inavuja kabla sijawasha taa? Profesa anataka nirudie jaribio Jumatatu mbele yake."

Sababu naijua. Chupa zenye vifuko zinakaa mezani karibu na dirisha, na mwanga wa mchana, wenye bluu ndani yake, unazikunja molekuli mapema. Kila siku mimi nilikuwa nazifunga kwa karatasi ya foili kabla yeye hajafika. Editha na usingizi ni ndugu, hakuwahi kuniona wala kuuliza foili ni ya nini, na kwenye daftari sikuandika. Nani anaandika kwamba ameamka mapema?

Mama kapata nafuu. Kesho baada ya ibada naondoka, na Jumatatu nitakuwa maabara kabla profesa hajafika, na foili yangu mkononi.

Editha nimemjibu maneno matatu tu.

Muulize shangazi yako.