Bega la Juma

Jumapili usiku

Bado nasikia sauti ile. Mwanangu Juma aliangushwa kwenye mpira na vijana wa Kawangware, bega la kushoto likatoka. Tukampeleka kwa Haboba Zenabu, bibi anayerudisha mifupa. Akampaka samli, akaushika mkono, halafu akafoka kama afande: "Kulia... geuka!"

Juma akageuka. Bega likarudi mahali pake, naye hata hakulia!

Na mimi ninavyogombana na babu yake, mzee wa Keya, lile jeshi la Waingereza, kwa kuwapigisha wajukuu gwaride kila asubuhi.

"Mwingine ningemtafutia wanaume wa kumshika," Haboba akacheka. "Huyu namwona kila siku kwenye gwaride la babu yake; ametii tu."

Ajabu ya Mungu. Lakini siku serikali itakapomwita vitani kwa sauti hiyohiyo, atageuka vilevile.