Mama, Nilikusahihisha

Mama,

Huku Sake mvua imepungua. Kungu inashuka polepole juu ya soko, na macho yangu inajifunga yenyewe. Nikiyafunga hivi, njo ninakuona.

Tangu tulikuzika, ninakuota sana. Unatoka shambani kwetu Mweso, huku Masisi, na kitunga ya maharagi kichwani, kungu imekufunika mpaka kiuno, mudomo yako inacheza, lakini sauti haifike kwangu. Hiyo njo ilikuwa inaniogopesha, Mama. Uso iko, sauti inaenda. Niliogopa siku moja nitaamuka na sijue tena namna ulikuwa unaniita.

Basi nikaandika artikle juu yako. Unajua kazi yangu, ile ulikuwa unaita "kazi ya kukaa": sina biro ya kuingia asubuhi, sina shefu wa kuniamuru, ninaandikia gazeti yenye imenihitaji. Nikaituma Goma, nikangojea sifa. Mama mwenye kusimamia gazeti akanijibu kwa telefone maneno haya tu: "Dada, umeandika vizuri, lakini huyu mama mimi simusikie."

Eeh! Nilikasirika mpaka chai ikanishinda. Yeye njo nani? Yeye alikuzika? Nikaanza kumuandikia maneno makali. Halafu nikakumbuka siku ile jirani alionja sombe yako mbele ya wageni, akasema haina utamu. Mimi nilitaka kumutukana. Weye ulifuta mikono kwenye kikwembe ulijifunga kiunoni, ukamuuliza kwa upole mahali penye kosa iko: "Fasi gani?" Akasema mafuta ya mawese ni kidogo. Ukaonja, ukaongeza. Akataka na chumvi pia. Hiyo ukakatala, ukicheka.

Nikafuta yale matusi yote. Nikamuandikia: "Aksanti, Mama. Ni fasi gani?"

Akajibu: "Fasi yenye anaongea."

Nikasoma tena. Nilikuwa nimekuandika ukiniambia, "Mwanangu mpendwa, usisahau kumwomba Mungu." Ayi, Mama! Ni nani huyo? Nilikuvalisha Kiswahili ya kitabu kusudi watu wa mbali wasikucheke. Na weye ulikuwa unasimama kwenye mulango, mukono kiunoni, unaniuliza: "Weye, ulisali ao ulijifanya?"

Nikaandika ile. Nikacheka peke yangu, kisha machozi ikamwagika, kwa sababu nilikusikia. Nilikusikia wazi kabisa, Mama, na ukali yako, na kile kicheko ulikuwa unaficha ndani yake. Nikakurudishia maneno yako yote, moja moja, nikaituma tena. Mama wa gazeti alitaka tena niondoe neno sombe, niandike majani ya muhogo. Nikamuambia kwa heshima kwamba hapana, kwetu tunakula sombe, na akakubali bila shida.

Artikle imetoka. Dada mudogo aliisomea wamama shambani, pale kwenye ulikuwa unalima nao. Anasema walicheka mpaka wakaweka majembe chini, na mumoja akageuka kuangalia njia, kama vile unakuja.

Watanikosoa tena, najua. Nitakaza meno, kisha nitauliza: "Fasi gani?" Hasira itakuja, mimi ni mutoto wa Masisi, siko jiwe. Lakini haitaandika mahali pangu.

Lala na amani, Mama, chini ya kilima yako. Uje tena katika ndoto, uongee namna unataka. Nakuahidi: sitakufundisha tena kusema.

Mutoto yako,
Furaha