Mama Mkwe wa Kaseti ya Tatu

Dada Koku,

Shikamoo. Najua marehemu hasalimiwi, na Mama Ede wa chumba cha jirani akinikuta atasema nimeanza kuchanganyikiwa. Lakini wewe ndiye uliyenichapa nikiwa mdogo kwa kuanza maneno bila salamu. Sasa ulitaka nianzeje?

Hii ni wiki ya tano tangu tukuzike Bugene, kando ya baba. Mvua imenyesha vizuri, kahawa ya baba mdogo imetoa maua. Hospitali wamenipa hadi mwisho wa mwezi nihame chumba chako, kwa kuwa ni chumba cha mfuaji na mimi si mfuaji. Hawakusema nami vibaya. Anakuja mama mmoja na watoto wake wawili. Sufuria nimempa Mama Ede, kitanda kitakwenda Kihanga kwa baba mdogo. Kanga zako sijaweza kuzikunja, bado ziko kwenye kamba pale pale ulipoziacha.

Naandika kwa sababu nimekukasirikia, Dada, na sina mtu wa kumgombeza. Nikiwagombeza watu wengine wananionea huruma, wananiletea uji. Nimechoka na uji.

Nianze na ile televisheni, maana ugomvi wetu umo humo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja yule daktari wa Ulaya alipomaliza mkataba akakupa wewe, mfuaji wake, televisheni kuukuu na gemu ya watoto wake na kaseti tatu. Wenzako walipewa blanketi. Walikucheka wiki nzima, eti Koku amepewa dirisha lisiloonyesha nje. Ukawaambia, "Chekeni tu, mtakuja kugonga hodi." Na kweli walikuja, kila Jumapili baada ya ibada, jenereta la hospitali lilipowashwa kwa muda wa saa mbili, kwa ajili ya majokofu na pasi. Mama Ede alikaa mbele kabisa na ungo wake, akichambua maharage bila kuyatazama.

Kaseti zote tatu zilikuwa za mtu yule yule: kijana mwenye upanga, anayepita misitu na mapango akipigana na mazimwi. Ilikuwa hadithi moja ndefu iliyokatwa vipande vitatu. Kila alipokutana na mzee, maneno yalitokea chini, katika lugha ya kwao daktari, na hakuna mtu hapa Nyakahanga aliyeyajua. Ukasema wewe unayajua. Ukadai umejifunza kwa kufua nguo za mke wa daktari miaka minne, kwamba lugha huingia kupitia mikono. Nami nikaamini! Mimi nilishika pedi ya kuchezea gemu, wewe ukasoma. "Mzee anasema, kijana, mama yako alipita hapa, alikuwa amevaa kitenge cha bluu. Nenda mbele." Ukasoma bila hata kutabasamu. Ndivyo nilivyojua kwamba yule kijana anamtafuta mama yake.

Wetu alikuwa ameondoka nikiwa na miaka saba. Alivuka mto Kagera kwenda kwao kumwuguza babu, akaniambia atarudi senene wakianza kuanguka. Senene wakaanguka, tukawachambua mabawa, tukawakaanga, tukamwekea wake kwenye kopo. Hakurudi. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, baba yuko kaburini, ukaenda kuomba kazi ya kufua. Kila nilipouliza mama yuko wapi, ulisema, "Bado yuko njiani." Miaka minne, mtu yuko njiani! Kutoka hapa hadi ng'ambo ni safari ya siku mbili.

Kwa hiyo unakumbuka nilivyokubana. Tulikuwa tumemaliza kaseti ya kwanza, iliyokuwa rahisi, na tuko katikati ya kaseti ya pili, ambapo nilikufa kila Jumapili hadi vidole vikavimba. Hukukubali niseme nimekufa. Ulisema kijana amezimia tu, wanakijiji wamembeba kwa machela hadi nyumbani, wamempa mchuzi, kesho anaamka. Nilikasirika nikatupa pedi chini. Nikauliza kwa nini waliotengeneza wameifanya ngumu namna hii. Ukasema, "Wewe mjinga, angempata mama yake leo asubuhi, nani angekaa hapa kusikiliza?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikasema mbele ya wote, "Basi tupatane. Siku huyu akimpata mama yake, wewe utaniambia wetu yuko wapi. Kweli kweli." Uliokota pedi ukanirudishia. Kisha ukasema, "Haya, Muta. Tumepatana."

Tangu siku hiyo sikuwa nacheza tena, Dada. Nilikuwa nafanya kazi.

Kaseti ya pili tukaimaliza. Ukamwoza kijana, harusi kubwa, ukataja hadi idadi ya mitungi ya rubisi, ile pombe ya ndizi. Kaseti ya tatu ikatufikisha kwenye ile ngome nyeusi ya mwisho, ndani yake jitu la kichwa cha ng'ombe, na nyuma ya jitu mlango, na nyuma ya mlango, ulisema wewe mwenyewe, mama. Jumapili ile jenereta likazimwa tukiwa mlangoni. Wiki iliyofuata mimi nikaitwa Kihanga kuvuna kahawa. Niliporudi ndipo ukanionyesha yule bibi kizee aliyekaa peke yake chini ya kilima, pembeni ya ngome. Nilitaka kumwendea kama tulivyowaendea wazee wote. Ukanishika mkono. "We! Huyo ni mama mkwe wake. Unataka kutuaibisha?"

Nani angebisha? Hapa kwetu mkwe anaacha njia akimwona mama mkwe kwa mbali. Baba mdogo mwenyewe alijificha shambani mama mkwe wake alipokuja, akashinda huko na njaa. Watu wote chumbani wakasema ndiyo, ndiyo, asimsogelee. Basi kila Jumapili nilimpitisha kijana wangu kwa adabu kule juu ya kilima, kwenye njia ya mawe yanayoanguka, ili asionane na mkwewe. Nikaingia kwa jitu. Nikalipiga upanga, mishale, mabomu, yote. Halikuumia hata kidogo. Miaka mitatu, Dada! Mama Ede aliliapiza jitu lile kwa Kinyambo, maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nikaenda shule ya bweni, nikirudi likizo nalipiga tena. Nililia mara moja, ukaniona, ukatoka nje ukasema unaenda kuanua nguo. Hapakuwa na nguo kambani.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita nilikuwa nafunga televisheni kwa mashuka, Mama Ede akaingia, akaketi, akaanza kulia kwa namna ambayo si ya msiba. Akasema, "Muta, ile gemu dada yako aliimaliza zamani." Nikadhani anatania. Akasema ni ile Jumapili niliyokuwa Kihanga. Mlikuwa wawili tu. Ulimwendea bibi kizee ukamsalimu, akatoa kioo, na mwanga wa kile kioo ukalipofusha jitu, ukaliua kwa mapigo matatu. Mapigo matatu tu. Mlango ukafunguka, akatoka binti mwenye nywele za njano, wa miaka kumi na mitano hivi. Mama Ede akasema, "Mbona huyu hajawa mama wa mtu?" Ukazima televisheni ukakaa.

Kisha akaniambia na lile jingine. Kwamba mwezi mmoja kabla ya Jumapili hiyo, mtu wa ukoo wa mama alileta mgonjwa hapa hospitali, akakukuta kwenye makarai ya kufulia. Akakwambia mama alishafariki. Alifariki mwaka ule ule alioondoka, kabla ya senene. Mlijua wawili, wewe na Mama Ede, na ukamwapisha asiseme.

Nilimfukuza, Dada. Mama wa watu, na umri wake. Nitamwomba radhi, lakini siku ile nilimwambia atoke.

Kwa hiyo jitu halikuwa gumu. Ugumu ulikuwa wewe! Kila nilipokaribia ulinizungusha kilimani, ili nisifike mlangoni nikakudai neno lako. Nilikaa hapa chumbani nikikutukana kwa sauti. Halafu nikafikiria Jumapili zile zote, wewe umekaa nyuma yangu, unajua, na bado unasoma, "Mzee anasema mama yako hajambo, anakusalimu." Ulikuwa na miaka ishirini na minne. Ulimlilia wapi? Kwenye makarai? Hukunyoa nywele, hukufunga kitambaa, hukukosa kazini hata siku moja. Ulikaa na msiba peke yako ili mimi niwe na mama Jumapili. Hasira yangu ilifika hapo ikakosa pa kwenda.

Jana ilikuwa Jumapili yangu ya mwisho humu. Jenereta likawashwa. Nikafungua mashuka, nikaweka kaseti ya tatu, nikaenda moja kwa moja kwa bibi kizee nikamsalimu. Kioo kikatoka. Jitu likafa. Nilikuwa peke yangu, sikumwita mtu. Binti akatoka kama alivyosema Mama Ede, akamkimbilia kijana, maneno yakaanza kupanda, marefu, mistari na mistari. Nikayatazama hadi yakaisha. Sikujua hata moja. Ndipo nilipolia, Dada. Nilimlilia mama kwa mara ya kwanza nikijua ninalia nini, na wewe nikakulilia upya, na jenereta likazimwa nikiwa bado nalia.

Leo asubuhi nimekwenda kwa miguu hadi Kihanga. Jumamosi ndugu wanakusanyika kuondoa matanga yako. Nimemwambia baba mdogo tuondoe mawili, lako na la mama. Nilidhani atashtuka. Akasema naye alipata fununu siku nyingi, alikuwa anangoja mmoja wetu aseme. Nyote mlikuwa mnaningoja, kumbe. Amekubali. Jina la mama litatajwa kwanza, kwa kuwa ni mkubwa, kisha lako, kisha nitanyolewa.

Nenda salama, Dada. Nakuahidi haya: nitamwomba radhi Mama Ede kabla sijahama, na sitamwambia mtu yeyote kwamba ulinidanganya. Nitasema ulinilea.

Ukimwona mama, nisalimie. Mwambie nilichelewa kumlilia kwa sababu sikujua.

Mdogo wako,
Muta