Jiwe Lako la Tukuyu

Una mke Tukuyu, Baba Somoe! Na binti mwenye pua yako. Salamu nitakupa hasira zikipungua.

Aliyekufichua ni mwanao mwenyewe. Somoe sasa anasomea miamba chuo kikuu, na hapa Mtawanya hakuna asiyejua, maana nimewaambia wote, hata muuza mihogo. Amekuja likizo, kanikuta uani nabangua korosho kwa lile jiwe lako jeusi, ulilosema umeliokota mto Ruvuma katika safari zako za Msumbiji kumuuguza mama yako. Kaninyang'anya. "Mama, hili la mto? Mawe ya mto maji huyabingirisha yakawa kama yai. Hili kona zake zinakata!"

Basi akanifundisha. Kwamba huko chini mawe huyeyuka yakawa uji wa moto, ukapanda, ukapenya kwenye ufa wa mwamba mwingine. Pale wanapogusana, uji hupoa haraka ukawa laini kama kioo. Na ule mwamba mwenyeji huokwa, rangi ikageuka, hata madini yake yakawa mengine. Akanionyesha ndani ya jiwe lako kijiwe cheupe kilichomezwa na ule uji, kingo zimeyeyuka, katikati kizima. Nikasema, "Kama muhogo ambao haujaiva."

"Mama, ungekuwa profesa wewe!"

Ningekuwa, ndiyo. Halafu akasema chuo kiliwapeleka Tukuyu kuyaona mawe ya namna hiyo, na pwani yetu hii hayapo kabisa.

Nikajua umenidanganya. Nilikwenda Nanyamba kwa mdogo wako, nikaliweka jiwe mbele yake. Hakuuliza ni la nini. Alisema tu, "Shemeji, nisamehe," kisha akanieleza yote.

Miaka yote ile nakufungia makopa ya muhogo mkavu ya kumpelekea mama yako! Yaliliwa na nani? Dini ilikuruhusu wake wengine, Baba Somoe. Kunidanganya haikukuruhusu. Na mimi, mjinga wa watu, nilivyolisifia jiwe lile kwa majirani...

Nimelia, nimekutukana, nimekuombea dua. Somoe nimemwambia mwenyewe. Akauliza mdogo wake anaitwa nani. Nikatuma habari Tukuyu waje kwenye hitima yako.

Mwenzangu atakaa mkekani ubavuni pangu, na nitamtambulisha kwa mdomo wangu mwenyewe mbele ya ukoo mzima. Hilo nakuahidi. Kukusamehe bado sijakuahidi. Mungu akulaze pema, mume wangu mwongo. Wanafika wote Alhamisi.