Aniombe Hewani

Jumatano, masika. Mvua tangu alfajiri, Sinza yote tope, na mie nimeamka na furaha mbaya. Sioni haya kuiandika.

Wiki ya tatu leo tangu shemeji Faraji, mdogo wa marehemu mume wangu, aniondoe kwenye kibanda cha Mwenge. Pikapu za kusambaza nyama ni zake. Redio za upepo, zile za kubonyeza ndipo uongee, ni zangu. Nilizinunua mitumba kiwanda kimoja kilipouzwa, nikazifufua kwa mikono yangu. Kazi yangu ilikuwa kukaa katikati na kugawa zamu za kuongea.

Akasema mbele ya madereva, "Shemeji, kukaa kupokea salamu si kazi. Watapokezana wenyewe."

Wakacheka. Waliocheka nawajua mmoja mmoja.

Hesabu nilikuwa nimempa. Masafa tunayo mamoja tu, kwa hiyo anaongea mmoja kwa wakati. Kila pikapu huita mara mbili kwa saa, ujumbe wake nusu dakika. Pikapu ishirini na tano, dakika ishirini na tano. Hapo ndipo yeye alipoishia. Lakini nani hapa mjini anauliza nyama kabla ya kuuliza watoto wameamkaje? Salamu nayo nusu dakika. Tayari saa nzima imebaki na dakika kumi za kupumua.

Na hawawezi kupokezana. Aliyeko Bunju hamsikii aliyeko Vingunguti machinjioni, kwa hiyo kila mmoja anadhani hewa ni tupu, anabonyeza, anaongea. Huku katikati, mie nawasikia wote wawili kwa pamoja, na wote wawili ni uji.

Redio moja nilibaki nayo. Nimekuwa nikisikiliza, nakunywa chai.

Leo uji ulizidi. Bucha moja la Bunju lilipelekewa nyama mara mbili, la Mwenge likakaa na ndoano tupu hadi adhuhuri, mwenyewe akaapa kutafuta msambazaji mwingine. Faraji akamtuma mkewe kunibembeleza. Nilimkaribisha vizuri, hana kosa. Nikamwambia mumewe alinivunjia heshima mbele ya madereva, basi aniombe hewani, madereva wakiwemo.

Alasiri Faraji akaita redioni kutoka kibandani. Mara ya kwanza alimezwa na dereva wa Bunju aliyekuwa akimpa mwenzake pole ya mafua.

Mara ya pili alisikika safi kabisa. "Shemeji, naomba urudi kibandani."

Nikabonyeza. "Hujasikika. Rudia."

Ndipo madereva wote wakanyamaza. Wiki tatu walishindwa kupishana, leo wamepishana wenyewe ili wasikilize vizuri.

"Shemeji, nilikosa. Naomba urudi."

Mtu akacheka. Safari hii hakunicheka mie.

Kisha nikamjibu kwamba nitarudi, na kwamba pikapu hewani hazizidi kumi na tano mpaka tupate masafa ya pili, kwa gharama yake.

Je, nimeridhika? Bado.

Kesho asubuhi nafungua kibanda. Faraji akiita, nitampokea kwa adabu zote, nimwambie angoje zamu yake.